Nani Anaupiga Wimbo wa Tatu?

Video yenyewe haifiki dakika moja. Wazee wanne na vijana wawili wameizunguka embaire, ile marimba kubwa ya Wasoga, magoti yao karibu yagusane, na wanapiga kwa kasi ya watu wanaoanua nguo mvua ikija. Mkono wa mwenye simu unatetemeka mwanzoni, kisha unatulia. Fundi aliitupia kwenye kikundi chetu saa tano na nusu usiku, akiwa Jinja, bila salamu, na chini yake akaandika: "Wa kushoto nawasikia. Wa kulia nawasikia. Huyu wa tatu anayepiga juu juu ni nani?"

Niliitazama mara tatu nikiwa kitandani. Kweli upo wimbo mwembamba unaorukaruka juu ya nyimbo nyingine, kama ndege anayefuata jembe. Lakini ukiutafuta mkono unaoupiga huuoni. Ukimkazia macho mzee mwenye kofia, anapiga kitu kingine. Kijana aliye mbele yake naye ana lake.

Mwalimu akajibu kutoka Mbale: "Hakuna mtu."

"Mwalimu, nenda kalale," Fundi akaandika.

Kulipokucha ujumbe ulikuwa umepita tisini, na nusu yake ni watu waliokuwa wakishindana kutaja jina la mpigaji ambaye hayupo.

Kikundi chetu kina watu thelathini na kitu, na jina lake limebadilishwa mara nyingi kiasi kwamba sithubutu kuliandika hapa. Mimi niliingizwa nilipopeleka redio kutengenezwa kwenye kibanda cha Fundi karibu na soko la Jinja. Nikauliza swali moja la ziada kuhusu antena, akaniomba namba. Kwa kuwa kwetu ni Bungoma, ng'ambo tu ya mpaka, wananiita Jirani. Mwalimu anafundisha fizikia sekondari huko Mbale. Afande ni mwanajeshi mstaafu aliyejifunza Kiswahili kambini na hajawahi kuacha kukitumia kama amri. Yuko dereva wa lori anayelala Malaba siku mbili kwa wiki akingoja karatasi. Na yuko mama mmoja mnunuzi wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambaye sote, hata Wasoga, tunamwita Mayi, kama Wagisu wanavyomwita mama. Mayi haandiki. Hutuma sauti tu, na nyuma ya sauti yake daima kuna jogoo.

Tunazungumza nini? Muziki, mambo ya sayansi, na video ambazo kila mtu amezipata kwa mtu. Hatuuzi kitu, hatuchangishi harusi. Siasa zilipigwa marufuku na Afande na hakuna aliyepinga. Lugha ni mchanganyiko: Kiganda kinaingia, Kisoga na Kigisu vinaingia, Kiingereza cha shule kinaingia, lakini watu wa Jinja wakitaka kubishana vizuri na watu wa Mbale hurudi kwenye Kiswahili. Hiki ni kitu cha kushangaza kidogo katika nchi ambako kwa miaka mingi Kiswahili kilisemwa kuwa ni cha askari na wezi. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Afande alipoisikia habari hiyo aliandika neno moja tu: "Mmechelewa."

Turudi kwenye wimbo wa tatu, maana hapo ndipo nilipoanza kukiheshimu kikundi hiki.

Embaire ni vibao vya mti vilivyolazwa juu ya vigogo vya migomba, vikubwa kuliko vya amadinda ya Waganda, na katika baadhi ya vijiji hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti inenepe. Wapigaji hukaa pande mbili. Upande mmoja ukipiga, mwingine unaingia katikati ya mapigo, kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Mapigo ya pande zote yakijumlishwa hupata manane, tisa, hata kumi kwa sekunde moja. Kwa kasi hiyo sikio haliwezi tena kumfuata mtu mmoja mmoja. Linaanza kupanga sauti kwa ukaribu wake: nyembamba zinakusanywa pamoja, nene zinakusanywa pamoja. Zile nyembamba, nusu zimetoka kwa mzee mwenye kofia na nusu kwa kijana aliye mbele yake, lakini akilini mwa msikilizaji zimekuwa wimbo mmoja unaojitembeza wenyewe.

Mwalimu, aliyetueleza haya, hakuyazua. Mwaka 1959 Mwaustria mmoja kijana, Gerhard Kubik, alifika Kampala akajifunza kupiga amadinda kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyekuwa amepiga katika jumba la Kabaka. Kubik alishangaa kama Fundi alivyoshangaa: alipopiga sehemu yake alijua anapiga nini, lakini alipokaa pembeni kusikiliza alisikia nyimbo ambazo hakuna mkono uliokuwa ukizipiga. Aliandika makala kuhusu jambo hilo katika jarida la African Music mwaka 1962. Muyinda hakuhitaji makala. Watunzi wa zamani walizijua nyimbo hizo zilizojificha na walizitarajia, na wasikilizaji wamezoea kuzivisha maneno.

Fundi hakukubali kwa sababu ya Mwaustria. Alikubali kwa mikono yake. Aliichukua ile video akaipunguza kasi hadi nusu, na wimbo wa tatu ukafa. Wakabaki watu sita wanaogonga mbao. Akairudisha kasi, ukafufuka. Akaipunguza tena, ukafa tena. Alituma video zote mbili saa kumi na moja alfajiri, na maneno: "Mwalimu, nimelala sasa."

Sijui kama msomaji analiona jambo ninaloliona. Mtu alidai, akakataliwa, akaenda kupima, akarudi akakubali mbele ya watu thelathini, na hakuna aliyemcheka. Mimi nimekaa kwenye mikutano ya wasomi ambako haya hayakutokea hata mara moja kwa siku tatu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kibandani amepata kibao kikuukuu cha embaire, kirefu karibu mita moja, cheusi upande mmoja kwa kukaa jikoni. Alikuwa amekilaza juu ya vipande viwili vya mgomba. Simu iliegemezwa kwenye kopo la gundi, Mwalimu akiwa hewani kutoka Mbale. Mwalimu alitwambia tumwagie mchanga mkavu, mwembamba, kibao kizima, halafu tukigonge katikati. Tukamwaga. Fundi akagonga kwa mpini wa nyundo. Mchanga ukaruka kama dagaa kwenye kikaango cha moto, ukahama, na baada ya mapigo kumi na kitu ukawa umejipanga mistari miwili ya kukatisha, mmoja karibu na kila ncha. Kwingineko kibao kilikuwa kitupu.

"Pimeni kutoka ncha hadi mstari," Mwalimu akasema.

Upande mmoja sentimita 22, upande wa pili 23 kasoro kidogo. Mwalimu akageuza karatasi aliyokuwa ameifunika mbele ya kamera. Ilikuwa imeandikwa 22.4. Ubao ulio sawa kwa unene, ukiachiwa utetemeke wenyewe, una sehemu mbili zisizosogea, kila moja ikiwa asilimia 22.4 ya urefu kutoka ncha. Chetu kilikuwa kimechongwa kwa chini, ndiyo maana kilibishana kidogo na hesabu. Ukichonga katikati sauti inashuka, ukipunguza kwenye ncha inapanda. Mchonga embaire hufanya hivyo kibao hadi kibao mpaka sikio lake liridhike.

Na vigogo vya migomba huwekwa wapi? Pale pale kwenye mistari ya mchanga. Ukiviweka kwingine kibao kinakosa pumzi, kinasema "ko" badala ya kuimba. Wasoga wamekuwa wakiviweka hapo tangu zamani, bila rula.

Si kila soga huishia kwenye ushindi wa namna hiyo. Kuna ile ya beseni.

Mtu alituma video ya Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, mahali ambapo watalii hupigwa picha kwenye mstari wa ikweta. Kijana anamimina maji kwenye chombo chenye tundu hatua chache kaskazini ya mstari, anaweka ua juu yake, ua linazunguka upande mmoja. Anahamia kusini hatua chache, linazunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka moja kwa moja. Watalii wanapiga makofi. Dereva wa lori alisema amekiona kwa macho yake na kwamba atakayepinga anamwita mwongo.

Mwalimu alipinga. Kweli dunia ikizunguka hupinda mikondo mikubwa, ya upepo na ya bahari, lakini nguvu hiyo karibu na ikweta hufifia mpaka kutoweka, na kwenye chombo cha lita chache huzidiwa na kila kitu kingine: jinsi maji yalivyomiminwa, tundu lilivyokatwa, mkono ulivyoyumba. Mwaka ule ule wa makala ya Kubik, 1962, Ascher Shapiro wa taasisi ya MIT huko Marekani alitaka kuiona nguvu hiyo kwenye maji. Ilimlazimu kutengeneza tangi la duara la upana wa karibu mita 1.8, akaliacha litulie saa 24 likiwa limefunikwa, ndipo akazibua. Hapo maji yalizunguka kinyume na saa kama ilivyotarajiwa, na hata hivyo ilichukua zaidi ya dakika kumi kabla mzunguko haujaonekana. Na Shapiro alikuwa nyuzi 42 kaskazini. Kijana wa Kayabwe yuko hatua tano.

Basi watu wakaingia bafuni. Jinja iko kama kilomita 48 kaskazini ya ikweta, Mbale kama 120, kwa hiyo kama dereva angekuwa sahihi, mabeseni yetu yote yangekubaliana. Kwa wiki nzima kikundi kilikuwa mabeseni matupu: ya bluu, ya waridi, moja la kuogeshea mtoto lenye picha ya bata. Yalizunguka yalivyotaka. La Mayi lilizunguka kulia asubuhi na kushoto jioni, akatoa hukumu yake kwa sauti, jogoo akimuunga mkono: "Beseni langu halijui kaskazini."

Dereva hakukubali. Hadi leo hajakubali. Anasema sisi hatukuwa na ua.

Kuna video nyingine ambayo haikuzua ubishi bali kimya kwanza. Ni ya zamani, imefifia, inaonyesha kijana wa Jinja akijitupa kwenye maporomoko ya Bujagali amekumbatia jerikeni ya njano ya lita ishirini. Anamezwa na povu, watazamaji wanashika vichwa, kisha jerikeni inaibuka huku chini, kijana akiwa ameing'ang'ania. Walikuwa wakifanya hivyo kwa malipo kidogo ya watalii. Leo maporomoko hayo hayapo. Bwawa la Bujagali lilipozinduliwa mwaka 2012 yalikuwa yameshazama chini ya maji yake, kama maporomoko ya Ripon, ambako Speke alisimama tarehe 28 Julai 1862, yalivyozama kwa ajili ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Jinja ni mji unaowasha taa za nchi kwa kuzamisha maporomoko yake.

Kimya kilipovunjika, swali lilikuwa la Afande: jerikeni inambebaje? Hesabu ni rahisi. Jerikeni tupu iliyofungwa vizuri, ikizamishwa yote, inasukumwa juu kwa uzito wa maji yaliyo mahali pake, karibu kilo ishirini, na mwili wa binadamu karibu unaelea wenyewe, kwa hiyo kilo ishirini ni nyingi mno. Lakini Mwalimu akaongeza jambo lililonifanya niitazame video hiyo upya: povu jeupe ni maji yaliyochanganyika na hewa, mepesi kuliko maji, na kitu chochote huelea vibaya ndani yake. Kwa hiyo pale ambapo video inaonyesha povu tu na hakuna mtu, kijana hakuwa akionyesha mbwembwe. Alikuwa amezama kweli, na jerikeni yake, mpaka maji mazito yalipowapokea.

Fundi, ambaye alikulia karibu na hapo, aliandika: "Sauti yake mlikuwa mnaisikia kabla hamjaona maji." Kwenye video ya simu ile ya zamani, sauti hiyo ni mchakacho tu.

Watu wa rika langu hawatashangazwa na kuzungumza juu ya video. Kabla ya simu palikuwa na kibanda: chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na VJ, yule mtu anayeitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda huku ikiendelea, akiongeza vichekesho vyake, akiwapa wahusika majina ya mitaa yetu, akimlaumu shujaa kwa ujinga. Kina VJ Jingo wamejulikana Uganda nzima kwa kazi hiyo, na kuna watazamaji ambao hawataki kuiona filamu isiyo na VJ, kama mtu asiyetaka chai bila sukari. Ukikaa kibandani ulikuwa unasikiliza soga mbili, ya VJ na ya benchi. Ninapoona jinsi kikundi chetu kinavyoshughulikia video ya sekunde arobaini, kila mmoja akitupia neno lake juu ya picha, naona benchi lile lile, ila sasa limenyooka kilomita mia na hamsini za lami kupitia Iganga na Tirinyi.

Benchi hili lina kiingilio. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Wengi walizunguka kwa VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Ndiyo maana Mayi hutuma sauti na si video, na ndiyo maana Fundi hukata kila kitu kifupi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano hivi. Iliporudi, ujumbe wa kwanza kwenye kikundi ulikuwa wa dereva: alikuwa ameuandika kabla ya kuzimwa, ukakaa simuni kama barua mfukoni. Ulisema: "Naomba tena hiyo video ya bata mzinga."

Lakini kama ningeulizwa soga zetu zimewahi kufika wapi mbali zaidi, ningesema mwaka 1992, na ni Mayi aliyetupeleka.

Alituma sauti ndefu. Alikuwa msichana. Ilikuwa Agosti ya mwaka shufwa, msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, na ngoma za kadodi zilikuwa zikipita barabarani na vijana wenye unga mwilini. Tarehe 14, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mbingu ikapasuka. Si radi moja, alisema, ni radi zilizopangwa foleni, na wingu hakuna. Kisha mawe yakaanza kuanguka kwenye migomba.

Hicho ndicho kimondo cha Mbale. Wasomaji wa Tanzania wanakijua cha Mbozi, kile cha chuma cha tani kumi na sita hivi ambacho hakuna aliyekiona kikianguka. Cha Mbale kilikuwa cha mawe, na mji mzima ulikuwa macho. Kilivunjika angani kikamwagika juu ya eneo la kilomita tatu kwa saba. Kipande kikubwa kabisa kilipimwa kilo 27.4. Kipande kimoja cha gramu chache kilipita kwenye majani ya mgomba, kikapunguzwa kasi, kikampiga mvulana kichwani. Hakuumia. Ni miongoni mwa watu wachache sana duniani ambao imeandikwa kwa ushahidi kwamba walipigwa na kimondo.

Na waliokwenda kuchunguza? Hapa ndipo kikundi kizima kilipoamka. Miongoni mwao walikuwemo watu wa Dutch Meteor Society, chama cha wapenzi wa vimondo cha Uholanzi, watu wanaokesha wikiendi kuhesabu nyota zinazoanguka kwa sababu wanapenda tu, wakishirikiana na watu wa Makerere. Walifika muda mfupi baada ya mawe kuanguka, wakatembea shamba kwa shamba kuuliza: lilianguka wapi, ulisikia nini, tundu lake lilikuwa na kina gani. Walipata mahali 48 palipoangukiwa, na hadi Oktoba 1993 idadi ya vipande vilivyokadiriwa uzito ilifika 863. Kutokana na maneno ya wanakijiji na mizani waliweza kukadiria kwamba jiwe liliingia angani kwa kilomita 13 na nusu kwa sekunde.

Mwalimu akatoa hesabu: kwa mwendo huo, Jinja hadi Mbale kwa mstari ulionyooka ni sekunde kumi hivi.

"Mimi saa tatu," dereva akaandika, "na polisi wananisimamisha Iganga."

Kulikuwa na jaribio la kumtafuta yule mvulana, ambaye leo ni mtu mzima. Afande alilizima. Alisema aachwe, na zaidi ya hayo, ukiuliza vizuri Mbale, nusu ya wanaume wa rika hilo watakwambia ni wao.

Nisije nikawapamba wenzangu. Kikundi hiki kina uchafu wake. Kuna dawa za vitunguu saumu, kuna sauti za manabii, kuna ujumbe wa "tuma kwa watu kumi" ambao hata Afande ameshindwa kuung'oa. Mafuriko yalipoipiga Mbale usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ikafurika na watu zaidi ya ishirini wakafa, video zilikuja kama maji yenyewe, na nyingine zilikuwa za nchi nyingine kabisa. Siku hiyo hapakuwa na mzaha. Lakini jicho lililozoea kubishana juu ya mabeseni lilisaidia: watu walitazama nyuma ya maji, wakauliza mwamba wa Wanale uko wapi, mnara wa saa uko wapi, mbona gari linaendeshwa upande wa kulia wa barabara. Video tatu zilitupwa nje kabla ya saa nne asubuhi. Mayi hakutuma sauti mpaka jioni. Alipotuma, tulimsikiliza jogoo kwanza.

Ubishi wa mwisho ninaotaka kuusimulia ulianzishwa tena na Fundi. Alikuwa amesikia kwamba Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, ilitoa mwaka 2023 albamu ya wapigaji embaire wa Nakibembe. (Jina la lebo hiyo, na la tamasha lililoanzia Jinja mwaka 2015, kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika, msomaji wa Mombasa naomba avumilie.) Akaisikiliza kwa simu yake, akaifananisha na video aliyoirekodi mwenyewe kijijini, akatangaza kwamba zote ni za uongo. Nilikuwepo kijijini naye siku hiyo. Vibao vinene, vile vilivyo juu ya shimo, huvisikii kwa masikio peke yake. Vinakuingia kwa nyayo. Kwenye simu havipo. Kinachosikika ni watu wanaogonga mlango.

"Simu haina sikio la embaire," Fundi akaandika.

"Haina sikio au haina mdomo?" Mwalimu akauliza.

Spika ya simu ni ndogo kuliko kucha. Sauti nene inahitaji kusukuma hewa nyingi, na kitu kidogo namna hiyo hakiwezi. Mbona basi sauti ya babu, nene kama gogo, tunaitambua kwenye simu? Kwa sababu sauti ya mtu hubeba vivuli vyake: juu ya mtetemo wa chini kuna mwingine mara mbili yake, mara tatu, mara nne, na sikio likisikia vivuli hivyo hujaza lenyewe kilichokosekana. Laini za simu za zamani zilikata kila kitu chini ya mitetemo 300 kwa sekunde na bado watu walijuana. Kibao cha marimba hakina adabu hiyo. Ubao wa unene mmoja, mtetemo wake wa pili ni mara 2.76 ya ule wa kwanza. Sikio likipewa kivuli hicho halijui kimetoka kwa nani.

Kwa hiyo swali la Mwalimu lilikuwa la haki: video imepoteza sauti nene, au inayo ila simu inashindwa kuitamka?

Fundi alikuwa na spika kubwa ya kanisa fulani, imeletwa imepasuka, ameishona. Aliunganisha simu kwa waya. Tulikuwa watatu kibandani, na mwanafunzi wake akiwa mlangoni. Alibonyeza.

Skrubu zilizokuwa kwenye kisahani mezani zilianza kutembea. Kisha ile sauti ikaja, ile ya nyayo, imetulia, ikiwa kwenye video ile ile tuliyoidharau. Simu ilikuwa imesikia kila kitu. Fundi alisimama ameshika waya kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe.

Kutoka kibanda cha pili akaja mzee anayeuza mikeka, viatu havijafungwa. "Embaire imeletwa lini?" akauliza. Hakungoja jibu. Alitazama nyuma ya spika, akatazama chini ya meza, akakuta waya. Alicheka kidogo, akavuta kiti. Halafu akaokota bisibisi mbili mezani akaanza kugonga ukingo wa mbao, taratibu kwanza, akiingia katikati ya mapigo, pale palipoachwa nafasi.